Taveta na Baarle: Wakulima wa Mipakani

Mkulima huutambua mpaka wa shamba lake kwa mti, kwa jiwe au kwa mfereji. Mpaka wa nchi ni jambo jingine: mara nyingi huchorwa mezani, mbali sana na udongo wenyewe. Yafaa kutazama mahali pawili palipopatwa na jambo hilo: Taveta ya Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, na Baarle, mji mdogo wa wakulima ulioko kusini mwa Uholanzi, karibu na Ubelgiji.

Mpaka wa Taveta ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mstari ulitoka pwani, na ulipoukaribia Kilimanjaro ukapinda, ukauacha mlima kwa Wajerumani na Taveta kwa Waingereza. Wengi husimulia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser mlima huo kuwa zawadi. Si kweli. Mjukuu huyo, Wilhelm, alitawazwa mwaka 1888, miaka miwili baada ya mapatano.

Lakini maji hayakugawanyika kama ardhi. Mvua inyeshayo juu ya mlima, upande wa Tanzania, hupenya chini na kutokeza katika chemchemi za Taveta, kama ile ya Njoro Kubwa, na wakulima huyaongoza maji kwa mifereji mpaka kwenye migomba na nyanya zao. Mto Lumi nao huingia Ziwa Jipe, ambalo limekatwa na mpaka. Kwa hiyo msitu ukifyekwa upande mmoja, mwenye shamba la upande wa pili ndiye aonaye njaa.

Huko Baarle shida ilikuwa ya ardhi yenyewe. Mwaka 1198 Mtawala wa Brabant alimpa Bwana wa Breda nchi ile, lakini akajibakizia vipande vilivyokwisha kulimwa na kukaliwa na watu, maana ndivyo vilivyotoa kodi. Vipande hivyo havikuunganishwa kamwe. Hata leo vipande 22 vya Ubelgiji vimezungukwa na Uholanzi, na ndani ya baadhi yake mna vipande vya Uholanzi tena! Mpaka hupita katikati ya nyumba, na desturi ni kwamba nyumba ni ya nchi ile ulipo mlango wake wa mbele.

Viwanja viwili tu vya Baarle vilizifikisha serikali hizo mbili mbele ya Mahakama ya Kimataifa. Maandishi ya mwaka 1841 yalivitaja kuwa vya Uholanzi. Yale ya mwaka 1843 yakavitaja kuwa vya Ubelgiji. Mwaka 1959 mahakimu 10 kwa 4 waliamua kwamba ni vya Ubelgiji. Mapatano yaliyotiwa sahihi yalishinda, ingawa Waholanzi walidai kwamba yalikuwa na kosa la uandishi.

Vita vya mwaka 1914 viliwatenga wenyeji hawa. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti, wakaishikilia mpaka Machi 1916. Vipande vya Ubelgiji huko Baarle havikutekwa, kwa kuwa jeshi lisingeweza kuvifikia bila kuikanyaga Uholanzi, ambayo haikuwa vitani.

Siku hizi mtu wa Baarle huvuka mpaka akienda kununua mkate, wala haulizwi neno. Mchuuzi avukaye kutoka Holili kwenda soko la Taveta bado hupita forodhani, ila tangu mwaka 2016 maofisa wa Kenya na wa Tanzania hukaa katika jengo moja, naye husimama mara moja badala ya mbili.