Mpira Mmoja, Mikono Mingi

Huko Marekani watoto wa miaka 4 hadi 7 hufundishwa mchezo uitwao tiboli, mdogo wake besiboli. Mpira haurushwi kwa mpigaji. Huwekwa juu ya kigingi, naye huupiga kwa fimbo na kukimbilia kituo cha kwanza. Walio upande wa pili hujitahidi kuufikisha mpira kituoni kabla yake.

Yatokea nini? Mpira ukiisha kupigwa, watoto wote huukimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mmoja anaupata, lakini kituoni hakuna wa kumrushia. Wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaona kuwa hata vidole kumi havivunji, visipopatana.

Mwalimu mwema hawakemei. Kwanza, humwonyesha kila mmoja mahali pake. Pili, huwafundisha kuita, "Wangu!", ili wengine wampishe aliye karibu. Tatu, huubingirisha mpira polepole: mmoja auokote, wa pili awahi kituoni, wa tatu asimame nyuma yake, mpira usije ukampita. Kisha hubadilishana nafasi, kila mtoto apate kuijua kazi ya mwenzake.

Enyi wazazi, tusimsifu aliyeupata mpira peke yake. Tumsifu pia yule aliyengoja kituoni, ingawa mpira haukumfikia. Asiposifiwa leo, kesho ataiacha nafasi yake awakimbilie wenzake; na sisi ndio tutakaokuwa tumemfundisha hivyo.