Saa Zisizoandikwa Kwenye Ratiba

Kidato cha tano na cha sita, kengele ndiyo iliyokuwa na ratiba. Iligonga ukaamka, ikagonga ukaenda mstarini, ikagonga ukaingia darasani, na usiku ikakupeleka prepo, kujisomea. Chuoni hakuna kengele. Kuna faili la ratiba linalorushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, limejaa visanduku vya saa na vifupisho vya kumbi, na kuanzia hapo unaachiwa mwenyewe.

Ukilifungua mara ya kwanza unaona jambo la kufurahisha. Jumanne kuna vipindi viwili tu. Alhamisi masomo yanaanza saa nane mchana. Ijumaa ni nyeupe kabisa. Mtu aliyetoka shule ya bweni huona hapo uhuru alioungoja miaka mingi. Naandika makala haya kwa sababu nafasi zile nyeupe zina kazi ndani yake, na wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huligundua hilo testi za kwanza zikiwa zimeshapita.

Hesabu yake iko wazi, wala si siri ya wahadhiri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, imeweka kwamba krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na kwamba mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti zisizopungua 120. Gawa mwaka kwa mihula miwili: krediti 60 kila muhula, yaani saa 600. Zitandaze saa hizo kwenye muhula wa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Hizo ni saa za mtu aliyeajiriwa, anayeingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa chukua kozi moja ya krediti 12. Inadai saa 120 za muhula. Tuseme ina mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kila wiki. Kwa wiki 15 hizo ni saa 45. Zimebaki saa 75, na hutaziona popote kwenye faili la chuo. Ni saa 5 za kila wiki ambazo unatakiwa uwe unasoma, unafanya maswali, unaandaa semina au unaandika kazi ya nyumbani kwa ajili ya kozi hiyo moja. Ukiwa na kozi tano za aina hiyo, unakaa darasani saa 15, na saa 25 ziko mikononi mwako. Mwanafunzi wa maabara au wa karakana atakuwa na saa nyingi zaidi zilizopangwa na chuo, lakini kwake pia jumla ni ileile. Kwa hiyo unapoambiwa “panga ratiba yako”, elewa kwamba chuo kimeshapanga sehemu ndogo, na sehemu kubwa imebaki kwako.

Kabla ya kuzipanga saa hizo, hakikisha kwanza unajua unasoma nini. Tafuta mwongozo wa programu yako, ama kwenye tovuti ya chuo au idarani, uone kozi za lazima za mwaka wa kwanza, za hiari, na idadi ya krediti unayotakiwa kufikisha. Usichague kozi ya hiari kwa kuwa umeambiwa inatoa A kirahisi. Angalia kama ni kozi tangulizi, yaani usipoipita sasa hutaruhusiwa kusoma nyingine mwaka wa pili. Kisha ingia kwenye mfumo wa chuo ujisajili kozi kwa kozi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, mfumo huo unaitwa ARIS, na vyuo vingine vina mifumo yao. Kuhudhuria kipindi hakumaanishi umesajiliwa. Kila mwaka wapo wanaokaa darasani muhula mzima na kufanya kazi zote, halafu matokeo yanatoka bila jina lao, kwa sababu kozi haikusajiliwa au ilisajiliwa nyingine inayofanana nayo kwa namba. Ukimaliza, pakua ukurasa wa usajili uuhifadhi na tarehe yake.

Jambo la pili linaonekana dogo, na nitalikalia kidogo kwa sababu limewahi kumgharimu mtu ninayemfahamu. Ratiba za vyuo huandikwa kwa saa za kizungu, na kwa mtindo wa saa 24. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, karatasi inasema 08:00. Tunasema saa nane mchana, inasema 14:00. Niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja aliona “8:00” kwenye tangazo la testi yake ya kwanza, kichwa chake kikasoma saa nane. Akafika mapema, amejiandaa vizuri, akakuta ukumbi una darasa jingine. Wenzake walikuwa wametoka saa nyingi. Aliandika barua ya maelezo, akazunguka ofisi tatu, na alama hazikurudi. Kanuni ni fupi: toa sita kwenye namba iliyoandikwa, na ukipata zaidi ya 12, toa 12 tena. 07:00 ni saa moja asubuhi. 16:00 ni saa kumi jioni. 19:00 ni saa moja usiku. Unaponakili ratiba yako, andika saa za Kiswahili pembeni ya kila kipindi, siku ileile ya kwanza, akili ikiwa imetulia.

Na unakili kweli. Faili la chuo lina kozi za watu wote, na kuliangalia kila asubuhi kwenye kioo kidogo cha simu ni kutafuta makosa. Chora jedwali lako kwenye daftari: siku sita juu, saa pembeni. Ingiza mihadhara yako, maabara, kisha semina, na kwa kila kimoja andika jina la ukumbi. Wiki ya kwanza zungukia kumbi hizo kwa miguu kabla masomo hayajaanza. Mlimani, kutoka kumbi za Yombo hadi upande wa uhandisi si hatua mbili, na kipindi kinachoisha saa nne kamili huku kingine kikianza saa nne kamili kinakutaka ujue njia ya mkato.

Hapo ndipo vipindi vinavyogongana vitajitokeza. Wanaosomea ualimu ndio huumia zaidi, maana wanabeba masomo mawili ya kufundishia kutoka idara mbili tofauti, pamoja na kozi za elimu, halafu zile za DS, yaani taaluma za maendeleo, zinazokusanya wanafunzi wa fani nyingi kwa pamoja. Vikigongana vipindi vya semina, dawa ni nyepesi: semina huwa na makundi kadhaa, hivyo hamia kundi lenye nafasi, na uwahi, kwa kuwa makundi ya saa nzuri hujaa kwanza. Ikigongana mihadhara miwili ya lazima, tatizo ni la chuo. Lakini chuo hakitalijua usiposema. Mwambieni CR wenu, yaani mwakilishi wa darasa, naye apeleke idarani kwa mratibu wa ratiba kwa maandishi, akitaja namba za kozi, siku, saa na idadi ya wanafunzi walioathirika. Wiki ya kwanza na ya pili ratiba bado ni rasimu na watu wanazihamisha kumbi. Baadaye kila mtu ameshazoea na hakuna anayetaka kuhamishwa. Kuamua kimyakimya kwamba utahudhuria hiki wiki hii na kile wiki ijayo ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Sasa tufike kwenye zile saa 25.

Zipe mahali. Usiseme “nitasoma jioni”, kwa sababu jioni ina maji ya kufuata, nguo za kufua, simu ya nyumbani, mpira, na mwenzako wa chumba aliyepata wageni. Sema: Jumanne, saa nne hadi saa sita, maktaba, kozi fulani. Andika hivyohivyo kwenye kisanduku cheupe, kwa wino uleule ulioandikia mhadhara. Saa za mchana kati ya kipindi na kipindi ndizo dhahabu ya mwanafunzi na ndizo zinazomwagika ovyo kuliko zote: mhadhara umeisha saa nne, mwingine ni saa nane, mtu anarudi hosteli, analala, anaamka amechelewa. Baki eneo la chuo. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa kuchukua wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja, hivyo anza kutafuta kiti huko. Pasipo maktaba kubwa, darasa tupu na kivuli cha mti vinafaa pia.

Weka saa ya kwanza ya kujisomea karibu na kipindi chenyewe, ikiwezekana siku hiyohiyo. Dakika 40 za kupitia ulichoandika wakati sauti ya mhadhiri bado iko masikioni zina faida kuliko saa tatu za kukesha na notisi za madesa za mwaka jana wiki moja kabla ya mtihani. Semina nayo inataka saa yake siku moja au mbili kabla, maana semina ni mahali pa kuzungumza ulichosoma, na aliyekwenda mtupu hujificha nyuma ya vichwa vya wenzake. Kozi ngumu ipe asubuhi kama wewe ni mtu wa asubuhi. Nyepesi iwekwe pale mwili umechoka.

Anayekaa mbali ana hesabu nyingine. Kama umepanga Mbagala au Kimara na una kipindi cha saa moja asubuhi, unaamka saa kumi alfajiri, na hiyo ni sehemu ya ratiba yako hata kama haina krediti. Andika muda wa daladala au mwendokasi kwenye jedwali, kwenda na kurudi, uone siku yenyewe inabaki na nini. Pale unaporuhusiwa kuchagua kundi la semina, lichague liangukie siku ambayo tayari una vipindi vingine, ili usipoteze saa nne barabarani kwa ajili ya saa moja ya darasa. Fikiria pia unavyorudi. Kuna vipindi vinavyoisha giza limeshaingia, na dada zetu hasa wanajua njia ipi ya hosteli haina taa. Kuchagua semina ya mchana kwa sababu hiyo ni sababu halali, mtu asikubeze.

Ijumaa mchana wanaoswali waiache wazi mapema kabla hawajajaza chochote hapo. Wa Sabato na wa Jumapili vivyo hivyo na siku zao. Acha nafasi ya kupika na ya kulala. Acha pia nusu siku isiyo na jina kila wiki, kwa kuwa bumu, fedha za mkopo, litatoka na utakuwa na shughuli zake, utaugua malaria, utaitwa kwenye msiba. Ratiba iliyojazwa hadi pomoni huvunjika wiki ya kwanza, na ikivunjika mwanafunzi huitupa yote.

Kando ya jedwali la wiki, fungua ukurasa mwingine wa muhula mzima: mistari 15, kila wiki mstari wake. Kila mhadhiri akigawa mpango wa kozi, hamishia hapo tarehe za testi, za kuwasilisha kazi na za mawasilisho ya kikundi. Ukimaliza kozi zote tano utaona jambo ambalo mhadhiri mmoja mmoja halioni, kwamba wiki ya saba ina testi tatu na kazi mbili za kukusanya. Ukilijua wiki ya pili, kazi moja unaiandika wiki ya tano. Mlimani, kwa kozi nyingi, alama 40 kati ya 100 zinatokana na kazi hizi za katikati ya muhula, na 60 kwenye mtihani wa mwisho. Anayeingia mtihani akiwa na 32 mkononi na anayeingia akiwa na 15 hawalali usingizi mmoja. Na alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA ya mwisho kama za mwaka wa tatu, krediti kwa krediti. Yule anayekuambia mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira muulize ana sapu ngapi, yaani mitihani ya marudio.

Jumapili ya mwisho wa wiki ya tatu, keti na jedwali lako na kalamu ya rangi nyingine. Zungushia kila saa ya kujisomea uliyoipanga na ukaitumia kweli. Zile ambazo hukuzitumia katika wiki zote tatu, zihamishe. Saa hizo mwili wako au chumba chako kimeshazikataa. Kozi ambayo kila wiki inakula saa 8 badala ya 5, nenda kwa mhadhiri wake kwenye saa zake za kuonana na wanafunzi, umwonyeshe ulipokwama. Saa hizo zimebandikwa mlangoni pake. Nazo ziandike kwenye jedwali.