MENDE HALETWI NA UCHAFU PEKE YAKE
Somo la robo hii kwa kamati za parokia



Katika toleo hili tunazungumzia mdudu ambaye wengi huona aibu kumtaja: mende. Wengine humwita kombamwiko, na jina lenyewe linaeleza kazi yake: sisi tukilala, yeye hukomba mwiko. Aibu yetu ndiyo inayomsaidia. Mama akimwona jikoni hunyamaza, mwenye duka hunyamaza, mtunza stoo ya unga wa uji wa watoto naye hunyamaza, mpaka siku wanapotembea mezani mchana kweupe.

Anafikaje Mwese?

Mende wa jikoni hasafiri mbali kwa miguu yake, hubebwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asili ya mende mdogo wa nyumbani ni Asia ya Kusini, kiasi cha miaka 2,100 iliyopita, naye alienea duniani kwa misafara ya biashara na majeshi. Hata leo hali ni hiyo hiyo. Mizigo hushuka Mpanda kwa reli itokayo Kaliua au kwa malori, kisha hupanda mlima hadi Mwese. Ndani ya maboksi, magunia, kreti za soda, redio na friji zilizotumika, mende au mayai yake huweza kupanda pia.

Baridi ya Mwese humpunguzia kasi lakini haimzuii. Hutafuta joto: ukuta ulio nyuma ya mafiga, chini ya friji ya soda, ndani ya redio. Kwa hiyo hata nyumba safi inaweza kuletewa mende. Uchafu haumleti, unamlisha akishafika.

Jinsi ya kumtambua

Aina mbili ndizo za kuangaliwa zaidi. Wa kwanza ni mdogo, urefu wa milimita 12 hadi 15, rangi ya kahawia hafifu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyu hukaa jikoni. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na watoto huweza kukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Wa pili ni mkubwa, hufikia sentimita 4, mwekundu wa kahawia. Huyu hupenda vyoo na mitaro, kisha huingia ndani usiku.

Dalili za kutafuta ni hizi:
1. Vinyesi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, kwenye pembe za kabati na bawaba za milango.
2. Vifuko vya mayai na magamba waliyojivua.
3. Harufu nzito ya mafuta yaliyooza.
4. Mende kuonekana mchana. Hii ni dalili kwamba maficho yamejaa.

Ukiwa na shaka, chukua chupa pana, weka kipande cha ndizi mbivu, paka mafuta ya kujipaka ndani ya mdomo wake ili wasiweze kupanda, uiache ukutani usiku. Weka chupa kadhaa mahali mbalimbali. Asubuhi, yenye mende wengi itakuonyesha wanakoishi.

Hasara zake

Mende hutembea chooni, kisha juu ya sahani, akibeba vijidudu vya kuhara miguuni na tumboni. Vumbi la vinyesi na magamba yake huweza kuamsha pumu, hasa kwa watoto. Kwa mama lishe au nyumba ya wageni, mende mmoja mezani hufukuza wateja.

Kinga kabla ya dawa

Kagua mizigo nje, mlangoni. Hamishia bidhaa kwenye chombo chako na usiingize boksi ndani. Unga na sukari vikae kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana.

Mnyime maji. Mende mdogo mwenye maji huishi mwezi mzima bila chakula, lakini akikosa maji wengi hufa ndani ya wiki mbili. Kausha beseni la vyombo kila usiku, funika mitungi, rekebisha bomba linalovuja.

Ziba maficho. Ufa wa milimita 2 unawatosha mende wachanga. Udongo laini au saruji hufaa. Funika tundu la choo.

Tahadhari ya dawa

Hapa ndipo watu hupata madhara makubwa. Dawa za kunyunyizia tumbaku au pamba zisitumike ndani ya nyumba kamwe. Vidonge vya kufukiza mahindi hutoa gesi inayoua watu waliolala, hata walio chumba cha jirani. Tumia chambo cha jeli kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, weka matone madogo kwenye nyufa, mbali na watoto na chakula. Usipulize dawa mahali hapo, kwani mende watakikwepa chambo. Angalia tena baada ya wiki chache, maana mayai huwa yanaendelea kuanguliwa. Mwulizeni afisa afya wa kata kabla ya kununua.

Kwa kamati na wafadhili

Kamati ikiomba fedha za dawa kila robo mwaka bila kuziba nyufa, inawalisha mende na kumlipa muuza dawa. Ndoo zenye mifuniko na mfuko wa saruji vitadumu zaidi. Ombi la namna hiyo ndilo linalostahili kuungwa mkono kwanza.

Maswali ya kujadili
1. Nani hupokea mizigo ya stoo yetu, na huikagua wapi?
2. Usiku wa leo maji yamebaki wazi wapi jikoni?
3. Je, mtu akiona mende kwetu, yuko huru kusema bila kuaibishwa?