Steringi Anaponyongwa: Niliyojifunza kwa Kuigizisha Kinjeketile

Kwa muda nilikuwa mlezi wa kikundi cha maigizo katika shule ya sekondari. Michezo tuliyoishika ilikuwa kadhaa, lakini uliotukamata ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969.

1. Jukwaa huuliza maswali ambayo mtihani hauyajui.

Mtihani unataka dhamira, ujumbe na mifano mitatu ya tamathali. Mwigizaji anataka kujua asimame wapi na amtazame nani. Kijana aliyeigiza Kitunda aliniuliza kama rafiki huyu wa nabii Kinjeketile anaamini maji yake ya kuzuia risasi au anamwamini mtu tu. Darasani sikuwahi kuulizwa hivyo, na wanafunzi wote walikuwa wamekisoma kitabu.

2. Mtunzi ana haki ya kumrefushia mtu maisha.

Hapa ndipo tulipobishana sana. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu kweli, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Vilidumu hadi 1907. Hussein anamwacha hai mpaka ashuhudie bunduki zikiwafyeka watu walioamini maji yake. “Kwa hiyo mwalimu, ni uongo?” aliuliza binti mmoja, kwa hasira kabisa. Mtunzi mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Mimi naona sababu iko wazi: aliyenyongwa mapema hawezi kuulizwa kama anajuta. Historia inatuachia maiti. Mchezo unamweka gerezani, Kitunda akimsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa kukiri huko kungewapa Wajerumani nafasi ya kusema kwamba hata kupigania uhuru kulikuwa uongo.

3. Ukimya nao ni maneno.

Kitabuni, kumsubiri Kinjeketile atoke mtoni hakuchukui hata dakika. Jukwaani tuliwaacha wanakijiji wasimame kimya hadi watazamaji wakaanza kukohoa. Alipoibuka nguo zikiwa kavu, hakuna aliyecheka.

4. Filamu haidaiwi kitabu kizima.

Haki ile ile ya mtunzi niliiona tena katika Vuta N’kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Wasomaji walioingia na orodha ya matukio waliyoyataka walitoka wamenuna. Kazi kwao.

5. Mtazamaji wa kibanda cha video ni mhakiki.

Waliokuja kututazama wengi walilelewa na mikanda iliyotafsiriwa kwa sauti ya watu kama Lufufu, na huko kanuni ni moja: steringi hafi. Sasa huyu wetu alikuwa anakwenda kunyongwa, tena kwa ukaidi wake. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye hajapata kufanya mtihani wa fasihi, alisimama akamwambia mwigizaji akane tu, aokoe roho, watu watamwelewa. Dereva wa bodaboda akamjibu kutoka nyuma kwamba akikana, waliokufa watakuwa wamekufa bure. Mwigizaji wangu aligeuka kunitazama, nikamwashiria asubiri. Walibishana hadi mlinzi akaja na funguo za geti, na hata nje niliwasikia wakiendelea, muuza mihogo akisisitiza kwamba wanaume hupenda sana kufa kwa ajili ya neno.