Doa jeupe kwenye ini

SWALI: Daktari, nina miaka 38. Tumbo lilinisumbua, nikapigwa ultrasaundi. Mawe kwenye nyongo hayakuonekana, lakini karatasi inasema nina uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini, "huenda ni hemanjioma". Tangu hapo silali. Je, ni saratani? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Hemanjioma si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Ni fundo la vijishipa vya damu vilivyosongamana ndani ya ini, na wanawake huipata zaidi kuliko wanaume. Wengi huzeeka nayo bila kujua. Ya sentimita 3 kwa kawaida haiumi, kwa hiyo chanzo cha maumivu yako bado kitafutwe.

Ultrasaundi hupeleka sauti mwilini na kusikiliza mwangwi wake. Kifuko cha maji huonekana cheusi, maana ndani yake hakuna cha kurudisha sauti. Hemanjioma ina kuta nyingi nyembamba za mishipa, na kila ukuta hurudisha mwangwi. Ndiyo maana hutokea kama doa jeupe lenye mpaka ulio wazi. Kwa mtu mwenye ini zima, picha hiyo mara nyingi inatosha.

Lakini saratani changa ya ini nayo huweza kuonekana nyeupe, na kwetu homa ya ini B imeenea. Hapo ndipo ninapokuomba usipuuze: pima damu ujue kama unayo. Ukikutwa nayo, au ini likiwa limeanza kusinyaa na kuwa gumu, utahitaji sitiskani ya kuchomwa dawa mshipani. Hemanjioma hunywa dawa hiyo polepole, kutoka pembeni kuelekea katikati. Saratani ya ini hung'aa upesi, kisha hufifia.

Mwambie daktari pia kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango. Vinahusishwa na uvimbe mwingine, adenoma, ambao ukiwa mkubwa unaweza kupasuka na kuvuja damu.

Usikimbilie upasuaji, wala kuchomwa sindano ya kutoa kinyama kabla picha hazijasomwa vizuri, kwa sababu fundo hilo limejaa damu. Na karatasi ya kipimo cha kwanza itunze. Ukirudia ultrasaundi, hiyo ndiyo itakayoonyesha kama zile sentimita 3 zimeongezeka.