Maji ya Kuku Katika Majira ya Theluji: Kijitabu kwa Wafugaji wa Nyumbani wa Minnesota

Mtu aliyelelewa Mombasa, Bukoba au Bukavu, kisha riziki ikamleta Minnesota, kaskazini ya Marekani, huja na mengi ya kwao, na mojawapo ni mazoea ya kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Walakini katika yote aliyofundishwa na mamaye na nyanyaye hamna hata moja litakalomwambia la kufanya asubuhi ya Desemba, afunguapo mlango wa banda na kukuta maji aliyowawekea jana yamekuwa jiwe, na kuku wamelizunguka wakiligonga kwa midomo, ko, ko, ko, kama mafundi wa bati. Kwetu shida ya maji ni uchache wake au uchafu wake. Wakulima wa Njombe na wa Kinangop waijua sakitu iunguzayo majani ya viazi, lakini sakitu hutoweka jua likipanda. Ilhali Minneapolis baridi ya usiku wa Januari, kwa wastani, hukaribia nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na aghalabu hupita siku nyingi mfululizo jua likachomoza na kutua bila ya barafu kulegea. Kipimajoto cha huku husomwa kwa Farenhaiti, basi mfugaji na aikariri namba 32, kwani hapo ndipo maji huanza kuganda.

Haja ya maji

Wako wadhanio kuwa kuku hahitaji sana maji wakati wa baridi. Dhana hiyo ina madhara makubwa. Mtetea atagaye hula chakula cha gramu mia na zaidi kidogo kwa siku, na hunywa maji kiasi cha mara mbili ya uzito huo, yaani robo lita au kupita; na yai lenyewe, ukilivua gamba, takriban robo tatu yake ni maji. Akikosa maji huacha kula, kwa kuwa punje kavu haziwezi kulainika katika gole lake; na asipokula hana kuni za kuutia moto mwili wake, ambao hata katika baridi kali kuliko zote sharti ubaki na joto la nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Kiu ya siku moja tu yaweza kukatisha utagaji kwa wiki kadhaa, na mwenye kuku akabaki kuilaumu mbegu au chakula.

Husemwa pia kwamba kuku atakula theluji imtoshe. Kudonoa atadonoa, walakini kuyeyusha barafu kwahitaji joto karibu sawa na lile la kuyapasha maji ya uzito uo huo kutoka sifuri hadi nyuzi 80 za Selsiasi. Joto hilo litatoka wapi, ila katika chakula kilekile alichokula ili kujikinga na baridi? Kumwachia theluji badala ya maji ni kumtoza kodi aliye masikini tayari.

Usiku si wa kunywa

Jambo tulipendalo msomaji alishike kabla ya mengine yote ni hili: kuku hanywi gizani. Akishapanda ufito wa kulalia magharibi, hashuki mpaka kupambazuke. Mfugaji mgeni hukesha akifikiri namna ya kuyazuia maji yasigande usiku kucha, na huingia katika gharama na hatari kwa ajili ya saa ambazo hapana kiumbe anayeyataka maji hayo. Siku fupi kuliko zote huku, katika Desemba, mchana wake haufiki urefu wa saa tisa, na ndani ya mchana huo kuku hunywa zaidi mara tu waamkapo na tena kabla ya kulala. Atakayehakikisha maji yapo nyakati hizo mbili, akaongeza mara moja adhuhuri, amekwisha timiza sehemu kubwa ya wajibu wake, hata kama hana waya wa umeme bandani.

Njia yenyewe ni kuwa na vyombo viwili, kimoja nje na kimoja jikoni kikiyeyuka, vikipokezana zamu. Yafaa beseni la mpira mweusi mnene, lile liuzwalo kwa ajili ya mifugo. Plastiki ngumu hupasuka, maana maji yakiganda hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, na hapana chombo kigumu kiwezacho kushindana na nguvu hiyo. Bali mpira hukubali. Ulipindue beseni juu ya theluji, uukanyage mgongo wake kwa kisigino, na barafu itatoka nzima, ya mviringo, laini pembeni, mfano wa mkate wa sinia uliobanduka vizuri. Ujaze maji ya vuguvugu, yasiyochoma kidole.

Baridi huyashika maji kwanza kwa juu, napo ndipo upepo hupita. Kwa hiyo chombo chenye kina na mdomo mdogo huchelewa kuganda kuliko sinia pana. Kiweke mahali penye kinga ya upepo, upande wa kusini wa banda. Sisi tuliozoea jua la utosini yatupasa kukumbuka kwamba hapa, wakati wa baridi, jua halipandi juu. Hupita chini chini upande wa kusini mchana kutwa.

Mdomo mdogo una faida nyingine. Jogoo mwenye ndevu ndefu akiinamia beseni lililo wazi huzilowesha, na ndevu zilizolowa huungua kwa baridi zikawa nyeusi, kama uunguavyo undu, ule upanga wake wa kichwani. Watawa wa Oka, katika Québec ya Kanada, waliliona jambo hilo, na mwanzoni mwa karne ya 20 mmoja wao, Wilfrid Châtelain, akazalisha kuku aitwaye Chantecler, mwenye undu na ndevu ndogo mno. Anayenunua vifaranga na akiwa na hiari ya kuchagua, basi asimsahau kuku huyo.

Umeme, na vitu vya kuhadhari

Mwenye umeme aweza kununua kitako cha kupashia, au bakuli la mbwa lenye kipasha ndani. Vingi hutumia wati 60 hivi, yaani uniti moja na nusu kwa siku nzima vikiwaka bila kukoma, na vilivyo bora hujiwasha na kujizima vyenyewe baridi inapobadilika. Waya uwe wa kutumika nje, na soketi iwe ile ijikatayo umeme unapovuja. Ama ile taa ya joto ya wati 250, tunaikataza kwa kauli moja: banda limejaa majani makavu, manyoya na vumbi, na taa ikianguka usiku mabanda huteketea pamoja na kuku wote, na pengine nyumba ya jirani.

Chumvi isitiwe majini, kwani huwaua kuku kabla ya kuuzuia mgando. Dawa ya rejeta ya gari ni sumu, hata tone lake. Siki nayo isikae katika chombo cha bati la zinki, maana huila zinki ikaichanganya na maji.

Jioni, kuku wakishapanda ufito wa kulalia, toa maji yote nje ya banda, yasiwatilie unyevu hewani usiku. Matundu ya hewa ya juu yaache wazi. Beseni ulimwage, uligonge, ulifudikize kando ya mlango, na lile la pili liwe jikoni, kavu, karibu na birika, ili alfajiri usianze kwa kutafuta chombo ungali na usingizi.