HAKI YA KUKU ALIYEFUNGWA KIZIMBANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ijulikane kuwa riziki za watu wengi wa Dar es Salaam zimo katika kuku na mayai. Asubuhi trei za mayai 30 hushushwa katika maduka ya Kariakoo, na kuku wa mayai waliokwisha kuchoka kutaga huletwa katika matenga wakauzwa hai kwa nyama. Biashara hii ni halali, hapana shaka. Swali la somo hili ni moja: mwenye kumfunga kuku umri wake wote katika kizimba cha waya, akimpa chakula na maji, je, amekwisha timiza haki yake?

KWANZA: Kumfunga ndege peke yake si haramu. Imethubutu katika Bukhari na Muslim kuwa mtoto Abu Umeir, nduguye Anas bin Malik kwa mama, alikuwa na ndege mdogo akicheza naye, na Mtume (S.A.W.) asimkataze. Wanavyuoni wakatoa humo ruhusa ya kuweka ndege. Na Imamu Al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, aliulizwa juu ya ndege wa tunduni, akajibu kuwa yafaa, maadamu mwenyewe awatazama kwa wanayoyahitaji, kama mnyama afungwaye kamba. Basi ruhusa hii ina sharti, na sharti likikosekana, ruhusa nayo huondoka.

PILI: Sababu ya sharti hilo yaonekana katika hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Mnyama aliye huru hujitafutia. Aliyefungwa hana hila. Kila kitu alichozuiliwa na waya, naye akakihitaji, kimekuwa deni juu ya yule aliyeuweka waya.

TATU: Ni nini ahitajicho kuku? Aliyelelewa katika nyumba yenye ua ajua. Kuku hupekua, huoga vumbi, hukunjua mbawa, jioni hupanda mahali pa juu akalala, na akitaka kutaga hutafuta pembe ya faragha. Kizimba kitupu humnyima yote hayo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kipimo cha chini kilikuwa sentimita 550 za mraba kwa kuku mmoja, nacho ni kidogo kuliko karatasi moja ya A4. Na vizimba vitupu vya namna hiyo vikakatazwa huko tangu tarehe 1 Januari 2012. Aidha, kuku wa kizimbani hutoa chokaa ya mifupa yake katika maganda ya mayai, na kwa kukosa kutembea mifupa hudhoofika, hata wengine huvunjika wanapovutwa kutolewa.

Huenda mfugaji akasema: "Kuku wangu ashiba kuliko kuku wa njiani, na mwewe na kicheche hawamfikii." Neno hili lina ukweli, na kumkinga na adui ni katika haki zake. Lakini Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, alipohesabu haki za wanyama hakuishia kwenye chakula. Alitaja pia kutengenezewa vizuri mahali pao pa kupumzika, na kutowekwa pamoja na wenye kuwaudhi, wawe wa jinsi yao au wa jinsi nyingine. Basi mwenye kuwasonga kuku hata wakadonoana, kisha akawakata midomo, ameacha msongamano uliowafanya wadonoane, na juu yake ameongeza maumivu.

MAS-ALA: Mtu wa Kariakoo ana kuku 500 vizimbani, na mtaji wake wote umo humo. Afanye nini? Sharia haimwamrishi kuharibu mali yake. Apunguze kuku katika kila kizimba tangu leo. Kundi litakalofuata alifuge sakafuni juu ya maranda, awawekee viota na vichanja vya kulalia. Gharama itazidi na faida itapungua, na hapo ndipo hupimwa kama mtu amcha Mola wake au aicha hasara.

Na wajibu huu haukomi bandani. Kuku afungwaye miguu akaning'inizwa kichwa chini juu ya pikipiki mpaka sokoni yumo katika dhamana ya mchukuzi. Mchinjaji naye akinoe kisu mbali na macho ya kuku, wala asimchinje mmoja mbele ya wenziwe. Ibnu Umar alipowakuta vijana wamemfunga kuku wakimtupia mishale, aliwaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani afanyaye hivyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini Muislamu amekwisha onywa kabla ya sheria hiyo.

Asidhani mtu kuwa yai la kizimbani ni haramu kuliwa. Yai ni halali. Dhulma ni juu ya aliyedhulumu. Lakini mnunuzi awezaye kuuliza kuku wafugwavyo, akamchagua mfugaji mwema, amesaidia katika wema. Kwani mfugaji hufuata apendacho mnunuzi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwahurumia walio chini ya mikono yetu. Wallahu aalam.